Kuwatunza Vijana Waendapo Kambini

Katika nchi yetu ya Bariadi kila mchungaji ajua kuhesabu. Huwahesabu ng'ombe watokapo zizini, na jioni huwahesabu tena. Akikosekana hata ndama mmoja, hakuna alalaye. Basi twauliza: watoto wetu waendapo kambini, ni nani awahesabuye?

Kambi ni jambo jema. Mwaka 1907 Baden-Powell aliwachukua vijana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na kazi ile ya Skauti ikaenea hata kwetu. Hatusemi mzuieni mtoto. Twasema, ulizeni kabla hajatoka.

Kwanza, ulizeni habari za mto. Wakati wa kiangazi mto Simiyu ni mchanga mtupu mahali pengi; lakini mvua ikinyesha mbali, upande wa Serengeti, maji huweza kushuka ghafula, na hali mbingu ni nyeupe juu ya kambi. Hema lisisimamishwe mchangani kamwe.

Pili, ulizeni habari za radi. Januari 2025, huko Bukombe katika mkoa wa Geita, radi iliwaua wanafunzi 7 wa shule moja ya sekondari. Ngurumo isikikapo, vijana waingie katika nyumba imara, wala si hemani wala chini ya mbuyu, wakae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Neno la tatu ni zito, na wengi huona haya kulitaja. Mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja, wala asilale naye hema moja, awe mwalimu au mkubwa wa kanisa. Wakubwa wawe wawili daima; na wakiwapo wasichana, awepo mama. Kiongozi mwema hachukizwi na kanuni hii, maana yamlinda yeye pia.

Tumewafundisha watoto kuamkia na kutii. Na tuwafundishe pia ya kuwa mkubwa akisema, "Usimwambie mama," hapo ndipo pa kumwambia mama.

Naye mtoto arudipo, msimwulize tu kama alishiba. Keti naye, umsikilize. Akisema neno la kutisha, msimpige wala msimnyamazishe, wala jambo lisimalizwe kwa mbuzi baina ya wazee. Lipelekeni polisi au ustawi wa jamii. Ndama aliyepotea hutafutwa usiku uo huo. Je, mtoto angoje asubuhi?