Neno "-bichi" na Istilahi za Mapishi ya Wakati wa Joto

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni ya maabara, mahakama na viwanda tu, na kwamba jikoni hapana haja nayo. Sisi tunaoshughulika na kazi hii kila siku tumejifunza kinyume chake. Neno la maabara likikosewa, mtaalamu hulitambua na kulisahihisha. Neno la jikoni likikosewa, huliwa.

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuipitie, rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha mapishi mepesi kwa familia ambazo baba na mama wote huenda kazini. Kijitabu hicho kiliitwa "Mapishi ya Kiangazi". Katika aya moja tulikuta sentensi tatu: "Tumia mboga za majani mbichi na maziwa mabichi. Chemsha kwa muda mfupi tu. Kitakachobaki kiachwe katika joto la chumba hadi kipoe." Kisarufi sentensi hizi hazina kasoro. Lakini mama wa Tanga au Dar es Salaam akizifuata kama zilivyo katika mwezi wa Februari, huenda watoto wake wakaugua. Makala haya yanakusudia kueleza kosa liko wapi na kupendekeza njia ya kuliepuka.

Kiangazi au kaskazi?

Tuanze na kichwa cha kijitabu. Majira ya joto ya Ulaya huwa kati ya Juni na Agosti. Miezi hiyo huku pwani ni kipupwe, pepo za kusi zinavuma na usiku watu hujifunika shuka. Katika nyanda za juu, kama vile Iringa na Mbeya, miezi hiyo ni ya ukame, lakini pia ni ya baridi kali. Kwa hiyo, kwa Mswahili, neno kiangazi hutaja kwanza ukavu wa nchi, na joto si sharti lake la lazima.

Wakati wa joto hasa katika pwani yetu ni kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na joto lake ni la unyevunyevu. Ndio wakati ambao mpishi hataki kusimama mbele ya moto kwa muda mrefu, na ndio wakati ambao chakula huharibika upesi. Mfasiri anayewaandikia watu wa pwani atumie kaskazi. Anayewaandikia wasomaji wa nchi nzima aseme wakati wa joto. Kiangazi kibaki katika kilimo, mahali ambapo maana yake haina utata.

Maana za neno "-bichi"

Njia rahisi ya kupambanua maana za kivumishi hiki ni kuuliza kinyume chake ni nini. Nyama mbichi ni ile isiyopikwa. Embe bichi ni lile lisiloiva mtini, na kinyume chake ni embe bivu. Kuni mbichi ni zile zisizokauka. Vilevile husemwa samaki wabichi ili kuwatenga na ng'onda, na mahindi mabichi ili kuyatenga na makavu. Ajabu ni kwamba maana mbili za kwanza hukutana katika kitenzi kimoja, kuiva. Tunda huiva kwa jua na nyama huiva kwa moto. Kwa fikra za Kiswahili, jua na moto hufanya kazi moja, na kilicho kibichi ni kile ambacho bado hakijakamilishwa na kimojawapo.

Mfasiri wa kijitabu chetu alitaka maana ya nne: kitu kilichotoka shambani au baharini muda si mrefu, ambacho hakijaanza kuharibika. Akachukua neno la kamusi lililo karibu zaidi, na msomaji akapokea maana ya kwanza, yaani kisichopikwa. Katika nyanya na matango hapana hatari, maana kachumbari ndiyo chakula chenyewe. Nyanya, vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, pilipili na ndimu huandaliwa kwa dakika chache bila moto, na hakuna mapishi yanayoifaa zaidi familia yenye shughuli nyingi wakati wa joto. Lakini mboga za majani za kwetu si mchicha peke yake. Kisamvu nacho ni mboga ya majani, na majani ya muhogo yana sumu ambayo hupunguzwa kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Kuandika kwa jumla kwamba mboga za majani ziliwe mbichi, au zichemshwe kwa muda mfupi tu, ni kumpa msomaji amri ambayo mwandishi wa asili hakuikusudia.

Maziwa yanatupa mfano ulio wazi zaidi. Maziwa mabichi ni yale yasiyochemshwa, nayo yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya kutupa mimba. Katika migahawa, hata hivyo, watu huagiza "maziwa freshi", na wanaloagiza ni maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, ila hayakugandishwa yakawa mtindi. Hivyo wananchi wamekwisha kutofautisha dhana ambazo mfasiri alizichanganya. Wauza samaki nao hunadi "samaki wa leo". Maneno haya yako sokoni, hayahitaji kubuniwa.

Kuchemsha na ndugu zake

Kitenzi kuchemsha kimebebeshwa mzigo mkubwa mno katika tafsiri zetu, ilhali lugha ina vitenzi mahususi. Kutokosa ni kupika kitu kwa maji, pengine na chumvi, bila mafuta wala viungo, kama mahindi au mihogo. Kubanika ni kukausha au kuivisha samaki au nyama kwa moto wa makaa, aghalabu ikiwa katika kijiti. Kuunga ni kutia nazi, mafuta au viungo katika kitoweo. Kubabua ni kupitisha kitu motoni kidogo, kama jani la mgomba linalotakiwa lilainike.

Baadhi ya wafasiri wamependekeza kubabua kitumike pia kwa mboga zinazotiwa katika maji ya moto mara moja na kutolewa. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu kubabua ni kazi ya moto mkavu. Ni afadhali kusema kutia katika maji yanayotokota na kutoa mara moja. Si kila dhana inastahili neno moja. Maelezo yanayoeleweka ni bora kuliko istilahi inayopotosha.

Chakula kilicholala

Familia yenye haraka hupika jioni na kula kiporo asubuhi. Hapa ndipo "joto la chumba" linapoleta madhara. Katika nchi ya baridi, joto hilo ni kama nyuzi 20 za Selsiasi. Chumba cha Dar es Salaam mchana wa Februari hupita nyuzi 30. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Mfasiri ataje muda kwa saa, wala asitegemee chumba ambacho msomaji hanacho.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili kina maneno ya kupima uharibifu: chakula hulala, kisha huchacha, kisha huvunda. Kilicholala bado huweza kuliwa kikihifadhiwa vyema na kupashwa moto sawasawa, kilichochacha hakifai. Kutumia kuharibika kwa hatua zote ni kumnyima msomaji onyo la mapema.

Mapendekezo

Kwa matumizi ya wafasiri na walimu wa sayansikimu tunapendekeza yafuatayo:

-bichi: kisichopikwa, kwa habari za vyakula vinavyopikwa, kwa matunda, kisichoiva.
-a leo: kilichovunwa, kuvuliwa au kuchinjwa siku ileile.
maziwa yasiyoganda: yale ambayo hayajawa mtindi; kama yamechemshwa au la, lazima itajwe.
kutokosa: kuivisha kwa maji bila mafuta wala viungo.
kiporo: chakula kilichopikwa na kulala.
kuchacha: kuanza kuharibika kwa chakula kilichopikwa, kikawa na uchungu au ukali.

Mwaka 1975 kampeni ya "Chakula ni Uhai" iliwafikia wananchi wa Tanzania kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea, kwa lugha waliyoielewa. Kipimo hicho kinafaa hadi leo. Mfasiri wa mapishi, kabla ya kupeleka kazi yake kwa mpiga chapa, amsomee mtu anayepika kila siku, amwulize angefanya nini. Wasomaji wenye maneno ya kwao kwa dhana hizi, hasa kutoka visiwani na bara, wanaombwa kutuletea pamoja na mifano ya matumizi, ili yazingatiwe kabla ya orodha hii kusanifiwa.