Kupiga Picha za Sherehe ya Mtoto Ndani ya Nyumba

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liwatatizalo wengi walioanza kushika kamera. Mtoto atimiza mwaka, jamaa wamekusanyika, keki i mezani. Kisha picha zikitazamwa, nyingine ni nyeusi, nyingine zimetikisika hata uso wa mwenye sherehe haujulikani. Na sherehe hairudiwi. Bibi aliyempakata mtoto siku ile huenda mwakani hayupo.

Sababu ni mwanga. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa ili kumkinga mtu na jua: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba, maana upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko. Jicho la mwanadamu hulizoea giza upesi, nalo hutudanganya. Chumba tukionacho cheupe chaweza kuwa na mwanga uliopungua mara mia na zaidi kuliko uani penye jua.

Kamera ina njia tatu za kujipatia mwanga, na kila moja ina gharama yake. Waweza kulipanua tundu la lenzi: tundu la f/2 huingiza mwanga mara nne ya lile la f/4, walakini kilicho mbele na nyuma ya uso hufifia. Waweza kuukawiza mwanga uingie kwa muda mrefu. Lakini watoto hawatulii, na chini ya sehemu ya 1/125 ya sekunde mtoto akimbiaye hutoka kama moshi. Basi yabaki kuzidisha ISO, hata 1600 au 3200. Picha itakuwa na chengachenga. Na iwe nazo! Chengachenga huonwa na azitafutaye, mtikisiko huonwa na kila mtu. Mwenye simu, ambayo aghalabu hujichagulia mambo hayo yenyewe, dawa yake kubwa ni dirisha.

Kwa hiyo mwombe mama wa mtoto keki ikatwe saa kumi alasiri, si baada ya Magharibi. Meza isogezwe karibu na dirisha, nawe usimame dirisha likiwa mgongoni au ubavuni mwako. Mtoto akilipa dirisha kisogo, uso wake utakuwa kiza. Zima taa za dari, kwani rangi ya mwanga wake si ile ya mchana, na shavu moja litakuwa la buluu na la pili la manjano. Taa ya kamera ikielekezwa usoni hufanya macho mekundu na kivuli cheusi ukutani. Ikiwa kichwa chake chageuka, kielekeze kwenye ukuta wa chokaa ulio kando, wala si juu, maana boriti nyeusi huumeza mwanga.

Piga magoti, uwe kimo cha mtoto. Penye mishumaa usingoje pumzi itoke. Uso mzuri ni ule wa kabla yake, mashavu yamejaa. Na kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi kwa joto letu la unyevu: iache mkobani nusu saa kwanza.

Sasa liko jambo zito kuliko mwanga. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, mtu alikwenda dukani kwa hiari yake, amevaa apendavyo. Nyumbani ni kinyume: kamera ndiyo imfuatayo mtu, na akina mama wamekwisha kuvua mabuibui. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuanza, simama mahali ambapo nyuma ya watoto pana ukuta mtupu, na picha yoyote iliyomnasa mtu mzima mwonyeshe yeye kwanza kabla haijapelekwa kwenye simu ya mtu mwingine. Akisema ifutwe, ifute mbele yake.

Zilizobaki, chagua tatu au nne zichapwe kwenye karatasi, zihifadhiwe mbali na ukuta unaotoka maji wakati wa masika. Ya bibi na mtoto iwe ya kwanza.