Jenga Mazoea Kwanza, Ndipo Ulipie Ada ya Mwaka

Tangu mwaka 2003, Mbio za Kilimanjaro Marathoni zimekuwa zikiwakusanya wakimbiaji mjini Moshi, baadhi kwa kilomita 42.2, wengine kwa 21.1 au 5. Kwa kawaida hufanyika kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Muda mfupi baadaye huanza msimu wa masika, unaodumu hadi Mei. Njia za Uru na Kibosho hujaa tope, na wengi walioazimia kuendelea na mazoezi huacha.

Hapo ndipo mlaji hushawishika kununua hamasa: uanachama wa mwaka mzima katika jimu, viatu vya bei kubwa, au dawa zinazodaiwa kupunguza unene. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 unatoa funzo. Wanachama wa jimu waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walihudhuria kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila hudhurio liliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kulipia dola 10 kwa kila mara. Walikadiria bidii yao kupita kiasi.

Mazoea huhitaji muda. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha University College London, uliofuatilia watu 96, kitendo kipya kilikuwa mazoea baada ya siku 66 kwa wastani. Wepesi walihitaji siku 18, na wazito walikadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga safari hiyo. Anayeanza tarehe 1 Machi atafikisha siku 66 mapema Mei, yaani atakuwa amepita katikati ya masika. Kwa hiyo, tunashauri yafuatayo:

Kwanza, chagua zoezi linalowezekana hata mvua inaponyesha, kama kuruka kamba barazani, na ulifanye saa ileile kila siku, kwa mfano kabla ya chai ya asubuhi.

Pili, hesabu unachofanya tayari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano. Kupanda mlima kwa miguu na kulima kihambani vimo katika hesabu hiyo. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Tatu, lipa kwa siku au kwa mwezi hadi mazoea yakomae. Kabla ya kutia saini mkataba mrefu, uliza masharti ya kurejeshewa fedha, uyapate kwa maandishi, na udai risiti.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyeahidiwa huduma asiipate awasilishe malalamiko kwetu, akiambatisha risiti na nakala ya mkataba.