Sabuni haina kosa

Wazazi wa mjini siku hizi huuliza swali ambalo bibi zao hawakuwa nalo: mtoto akinawishwa kila mara, kinga yake haitadhoofika? Hofu hiyo naielewa, ila sabuni inasingiziwa.

Chimbuko la hofu hiyo ni mwaka 1989, David Strachan wa Uingereza alipochambua taarifa za zaidi ya watu 17,000 waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958. Aliona kwamba waliokulia kwenye familia yenye watoto wengi, hasa wenye kaka na dada waliowatangulia, hawakusumbuliwa sana na mafua ya mzio. Akahisi kwamba maambukizi ya utotoni huenda yanakinga. Watu wakayapokea maneno hayo kana kwamba uchafu ni dawa, ilhali Strachan hakupima nani ananawa na nani hanawi.

Mwaka 2003 mtafiti Graham Rook alilifafanua jambo hili vizuri zaidi. Kinga ya mwili hujifunza kutoka kwa vijidudu tulivyoishi navyo tangu kale: vya udongoni, vya wanyama, vya matumboni mwetu. Mtoto huvipata kwa mama anapozaliwa na anaponyonya, na huko nje anakocheza. Antibayotiki zinazomezwa ovyo hutuvurugia vijidudu hivyo, na kumfungia mtoto ndani kutwa nzima humnyima vingine. Vinavyobaki mikononi baada ya kutoka chooni ni kundi jingine kabisa: vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Hao si walimu wa mtu yeyote.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ulitoka vitongoji maskini vya Karachi, Pakistan. Stephen Luby na wenzake walizigawia familia sabuni na kuzihimiza kunawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: watoto walio chini ya miaka mitano walipata nimonia nusu ya wenzao, na kuhara kwa walio chini ya miaka 15 kulipungua kwa asilimia 53. Familia nyingine zilipewa sabuni yenye dawa ya kuua bakteria. Hazikuwazidi wenye sabuni ya kawaida.

Hapo ndipo tulipovuka mpaka: kwenye dawa. Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku sabuni za kunawia zenye triklosani na kemikali nyingine 18, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku, au kwamba zinashinda sabuni na maji. Kipande cha sabuni ya kawaida na kibuyu chirizi nje ya choo vinatosha, baada ya haja, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula.

Madhara ya kunawa kupita kiasi yapo, na yako kwenye ngozi. Wauguzi wanayajua: mikono hukauka, hupasuka, na kwenye mipasuko bakteria hupata maskani. Wajipake mafuta wakishajikausha.