Jino Likishang'oka, Taya Haitulii

Dawa ya jino ni kung'oa, husema Waswahili, na kwa mtu aliyekesha usiku kucha ameshika shavu, maneno hayo ni ya kweli kabisa. Jino linatoka, maumivu yanaisha, kidonda kinapona baada ya wiki chache, habari ya jino inasahaulika. Kumbe ndani ya taya ndiyo kwanza mambo yameanza.

Mzizi wa jino haukushikana na mfupa moja kwa moja kama msumari uliopigiliwa kwenye ubao. Umening'inia kwenye nyuzi nyembamba mno, na kila unapotafuna nyuzi hizo huvutika na kuushtua mfupa unaozizunguka. Mshtuo huo mdogo ndio unaoufanya mfupa uendelee kujijenga. Jino likiondoka, mfupa wa mahali pale hukosa kazi na mwili huanza kuumega. Vipimo vya watu waliong'olewa magego vimeonyesha kwamba ukingo wa taya hupoteza takriban nusu ya upana wake katika miezi 12, na kama theluthi mbili ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo sababu aliyepoteza meno mengi mashavu yake hubonyea na kidevu kusogelea pua, hata kama hajazeeka.

Meno ya jirani nayo huhama. Gego lililo nyuma ya pengo hulalia mbele, na jino la taya ya pili, lililozoea kugongana na mwenzake, hujisukuma polepole kulifuata pengo. Chakula hunasa kwenye mianya mipya, mswaki haufiki, fizi huvimba, na meno yaliyokuwa mazima huanza kuoza. Aliyepoteza jino 1 anaweza kujikuta baada ya miaka kadhaa anapoteza la pili na la tatu.

Hapo mlo hubadilika kimyakimya. Mtu huacha muhindi wa kuchoma, kisha karanga, kisha matunda magumu na mboga zenye nyuzi, akabaki na uji, chai na mkate laini. Kwa mzee mwenye kisukari, mlo wa wanga mtupu ni hatari ya kila siku. Mapengo ya mbele nayo yana adha yake: bila meno ya juu ya mbele, "thelathini" na "fedha" ni maneno magumu kuyatamka.

Je, kila pengo lazima lizibwe? Hapana. Magego ya mwisho, yale yanayoota ukubwani, hayahitaji mbadala. Utafiti uliofanywa Tanzania kwa ushirikiano na wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watu waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi 1 ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vya kutosha. Waliotaabika zaidi ni wale waliobaki na jozi 2 za magego madogo au pungufu. Kwangu mimi matokeo hayo yana thamani kubwa, kwa sababu wengi wetu hulipia meno kutoka mfukoni: kabla ya kuhesabu yaliyotoka, tazama yaliyobaki yanakutana wapi.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kwa bei. Hurudisha sura na usemi, lakini hukaa juu ya ufizi, hivyo mfupa ulio chini huendelea kupungua na baada ya muda yanalegea. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, halivuliwi, ila daktari hulazimika kuchonga meno mawili ya jirani ili kulibeba. Jino la kupandikiza hutumia skrubu ya titani inayoshikana na mfupa wenyewe. Mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson wa Sweden, aliwekewa mwaka 1965 na daktari Per-Ingvar Brånemark, akaishi nayo zaidi ya miaka 40. Ni ghali, na mfupa ukishasinyaa sana huenda ukahitaji kuongezwa kwanza. Kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu pengo kabla hajashika koleo, na umuulize pia kama mzizi unaweza kutibiwa jino likabaki.

Linaloniuma zaidi ni gego la watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hudhani ni la utoto, na likitoboka huliacha lioze kwa matumaini kwamba lingine litakuja. Halitakuja. Mfungue mwanao mdomo leo jioni, uhesabu kutoka katikati kwenda nyuma: matano ya kwanza kila upande yatabadilishwa, na la 6 ndilo atakalotafunia maisha yake yote.