AHSANTE YA MFANYAKAZI NI KUUNGA MKONO
Pongezi kwa waliojitolea Arua na Koboko

Ndugu mfanyakazi, wewe unayekata miwa Kakira au Lugazi, wewe unayesimama mbele ya mashine zamu ya usiku, jiulize swali moja. Mtoto uliyemwacha nyumbani Koboko akishikwa na homa usiku wa manane, nani anayeamka kumpima? Mama yako mzee aliyebaki kijijini Arua akiugua, nani wa kwanza kupita kumjulia hali na kumhimiza afike kituo cha afya?

Wewe uko mbali, na si kwa kupenda. Tangu siku za ukoloni watu wa West Nile wamekuwa wakisafiri kwenda kusini kutafuta kazi katika mashamba ya miwa. Kiwanda cha Lugazi kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930, na jasho la Walugbara, Waalur na wenzao limo ndani ya sukari hiyo. Lakini nyuma yako wapo wenzetu wanaofanya kazi isiyo na kengele ya kuingia wala siku ya mshahara. Hao ndio waliojitolea. Leo gazeti letu linawapa heshima yao.

WALIOSHINDA UPOFU WA MTONI

Tuanze na kazi ambayo matunda yake hayaonekani kwa macho, kwa sababu matunda yake ni watu wanaoona.

Kando ya mito yenye maji ya kasi huishi inzi mdogo mweusi aitwaye usubi. Akimuuma mtu humtia minyoo ambayo watoto wake hutambaa chini ya ngozi. Mtu hujikuna mchana na usiku, ngozi ikakunjamana kama ya mzee, na watoto wa minyoo wakifika machoni, mtu huingia gizani. Katika sehemu nyingi za Uganda funza wa usubi hujishika juu ya kaa wa mtoni, ndiyo maana ni vigumu kuwafikia.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba itatoa bure dawa ya ugonjwa huu, ivermectin. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini, ndugu, dawa ya bure ikikaa ghalani haimponyi mtu. Tena dawa hii huua watoto wa mnyoo tu. Mnyoo mkubwa hubaki, naye aweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo haitoshi kumeza mara moja. Ni lazima kijiji kizima kimeze, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka.

Nani angeifanya kazi hiyo? Hakuna serikali yenye wauguzi wa kutosha kufika kila boma. Ndipo mpango wa nchi za Afrika wa kupambana na ugonjwa huu, APOC, ulioanza mwaka 1995, ulipofuata njia iliyo rahisi na ya busara: wanakijiji wenyewe wamchague mtu wanayemwamini, afundishwe, kisha awagawie wenzake.

Wagawaji hao walikwenda boma kwa boma wakiwa na daftari na fimbo ya kupimia urefu, maana idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu. Walijua nani asipewe: mtoto wa chini ya miaka 5, mama mjamzito, mgonjwa aliyezidiwa. Baada ya kumeza, wengine walivimba au kuwashwa zaidi, na maneno yakaenea kwamba dawa ni mbaya. Aliyelaumiwa hakuwa daktari aliye mjini. Alikuwa yule jirani mwenye daftari. Naye alirudi tena, akaketi, akaeleza kwa Kilugbara au Kikakwa, mpaka mkaidi akakubali.

Mwaka 2007 Uganda iliamua kuung'oa ugonjwa huu kabisa, na dawa ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka. Kazi ya wagawaji ikawa maradufu. Leo yapo maeneo ya West Nile, kama Maracha na Terego ambayo zamani yalikuwa ndani ya wilaya ya Arua, ambako dawa hiyo ilisimamishwa kwa kuwa maambukizi yalikuwa yamekatika. Kazi ya kujitolea ikaisha kwa ushindi. Je, nani aliyewapigia ngoma?

VITAMBAA VYA BULUU KANDO YA MITO

Adui wa pili alikuwa malale, yanayoletwa na mbung'o. Baada ya vita vya mwaka 1979 na machafuko yaliyofuata, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan kwa makundi. Vituo vya tiba vikalegea, na mito ikabaki bila wa kupambana na mbung'o. Watu waliporudi katika miaka ya 1980, malale yaliwaka tena katika West Nile.

Kuanzia mwaka 2011, Arua na Maracha, na baadaye wilaya jirani pamoja na Koboko, zilianza kutumia silaha ndogo ya bei nafuu: kipande cha kitambaa cha buluu na wavu mweusi uliotiwa dawa, upana sentimita 25 na urefu 50. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, hugusa wavu, hufa. Wenyeji wa vijiji walikuwa miongoni mwa waliopita katika matope na miiba kuvitega, kuvibadilisha, na kuwaeleza majirani kwamba hicho si kitambaa cha kushonea wala uchawi, ni mlinzi wao.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba katika Uganda malale ya aina ya Gambia, ambayo ndiyo ya West Nile, si tishio tena kwa afya ya jamii. Ushindi huo ni wa madaktari na wataalamu, lakini ni wa miguu ya wanakijiji pia.

WANAOHESABU PUMZI ZA WATOTO

Kazi haijaisha. Mwaka 2001 Uganda iliunda vikundi vya afya vya vijiji, vijulikanavyo kwa herufi VHT, kwa msingi wa kujitolea bila mshahara. Tangu mwaka 2010, baadhi yao hufundishwa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 palepale kijijini. Humpima mtoto malaria kwa tone la damu. Hutoa chumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS) na vidonge vya zinki kwa mwenye kuhara. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa mwaka 1 na zaidi akifikisha 40, au mchanga wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, hiyo ni dalili ya kichomi. Akiona mtoto amezidiwa, humhimiza mzazi amkimbize kituo cha afya bila kungoja kupambazuke.

KUJITOLEA SI KUNYONYWA

Sisi wa chama cha wafanyakazi tunajua thamani ya jasho. Kwa hiyo ni lazima tuseme wazi: kumsifu mtu huku ukimwacha atembee bila viatu si shukrani. Aliyejitolea ametoa muda wake, hakutoa haki yake. Anastahili buti za mpira, taa, baiskeli, dawa zisizokatika, na nauli anapoitwa kwenye mafunzo. Kazi ikizidi na kuwa ya kila siku, yafaa izungumzwe mezani kama kazi.

Lakini tusisahau kwamba chama chetu nacho kilijengwa kwa kujitolea. Mwakilishi wenu kiwandani, yule anayesikiliza malalamiko yenu baada ya zamu wakati wengine wamekwenda kupumzika, hutoa saa zake mwenyewe. Yeye na yule mama wa Koboko mwenye daftari ni ndugu wa tumbo moja.

WEWE UFANYE NINI?

Ndugu msomaji, usiseme uko mbali. Yapo mambo yaliyo katika uwezo wako.

Kwanza, uendapo likizo, mtafute aliyejitolea kijijini kwenu, umwamkie, umshukuru mbele ya watu. Heshima ya hadharani humtia mtu nguvu.

Pili, mwaulize wazee na mwenyekiti wa LC1: siku anapozunguka kuwahudumia watu, nani analima shamba lake? Vijana wa boma lako wanaweza kumpalilia kwa asubuhi moja.

Tatu, changeni ninyi wa kijiji kimoja mlioko kazini. Mia chache za kila mmoja kila mwezi zitatengeneza gurudumu la baiskeli. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, jitolee hapo ulipo. Kambi za wafanyakazi nazo zina watoto wenye homa, mitaro michafu, na wazazi wasiojua kusoma karatasi ya dawa. Kujitolea hakuhitaji cheti, kunahitaji kuaminiwa.

Ugonjwa usiokuja hauna kelele, na aliyeuzuia husahauliwa upesi. Sisi tusisahau. Kwa wagawaji wa dawa, watega vitambaa na wahesabu pumzi wa Arua na Koboko: ahsanteni sana. Na kwako wewe uliyesoma mpaka hapa: zamu inayofuata ni yako.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu!