Hoki ya barafu: Jua kali si kikwazo kwa chipukizi

NI vigumu kwa mkazi wa Kulamawe, eneo kame la wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, kuwazia mchezo unaochezwa juu ya barafu. Hata hivyo, barafu ya uwanjani si lazima itokane na baridi ya nchi. Hugandishwa kwa mitambo, kupitia mabomba ya kimiminika baridi yaliyolazwa chini ya sakafu.

Kwa kawaida, kila mwisho wa Desemba mataifa 10 hukutana kuwania ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 20. Mashindano hayo yalianza rasmi mwaka 1977. Mataifa mengine hucheza katika madaraja ya chini, yakipigania kupanda.

Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF, Septemba 2024. Timu yake, Ice Lions, ilizaliwa katika uwanja wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Wachezaji wake wengi walianza kwa viatu vya magurudumu. Lakini uwanja huo ni mdogo kuliko ule wa kimataifa, wenye urefu wa meta 60, na mchezaji aliyezoea nafasi finyu hutatizika akikutana na uwanja kamili.

Kwa hivyo, jua la Kulamawe halimzuii mtoto wa huko. Anachokosa ni sakafu laini ya kujifunzia na uwanja kamili wa kumpokea akishaiva.